Chumvi Juu ya Mlima

Mhadhara uliotolewa Mahango, wilaya ya Kasese, mbele ya walimu, wanafunzi na wazee

 

Mmeniomba nizungumzie mambo yanayoaminiwa na watu wengi ilhali si kweli. Mada hiyo haina mwisho, na mtu akitaka anaweza kuzunguka nayo dunia nzima. Mimi sitakwenda mbali. Nitabaki hapa hapa, kati ya theluji ya Rwenzori iliyo juu yetu na maziwa yaliyo chini yetu, maana eneo hili peke yake lina imani potofu za kutosha kutukesha.

Nianze na chumvi.

Tarehe 24 Mei 1888 Henry Morton Stanley alikuwa katika nyanda zilizo karibu na Ziwa Albert, akiongoza msafara wa kwenda kumwokoa gavana Emin Pasha. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja. Zaidi ya 600 aliwachukua huko Februari 1887, katika meli ileile iliyompakia mfanyabiashara Tippu Tip na jamaa zake. Kwa hiyo Kiswahili hiki ninachosema leo kilikuwa kikisemwa kando ya milima hii kabla serikali ya Waingereza haijafika. Siku hiyo kijana mmoja alimwonyesha Stanley mlima wa mbali, akamwambia kwamba umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama. Mwanzoni aliona wingu la rangi ya fedha lenye umbo la ajabu. Alipozidi kukodoa macho akatambua kwamba lile si wingu, ni mlima, na weupe ule ni theluji.

Hadithi hiyo husimuliwa ili tumcheke yule kijana. Mimi simcheki. Alikuwa katika nchi ambamo kitu cheupe kilichotanda juu ya ardhi huwa ni chumvi. Chumvi ya Ziwa Katwe ilikuwa ikisafiri kwa mitumbwi na vichwani mwa watu hadi mbali, wafalme waliipigania, na msafara wa Stanley wenyewe ulipofika Katwe mwaka uliofuata ulikuta askari wa mfalme Kabarega ndio wanaoilinda. Kijana alitazama weupe akautafutia sababu katika mambo aliyoyajua. Alikosea, lakini alikosea kwa kufikiri. Stanley naye alikuwa amefika karibu na Ziwa George mwanzoni mwa 1876, mlima wote ukiwa mbele yake, akaondoka bila kuuona kwa sababu ya mawingu. Na huyo ndiye vitabu vyetu vya shule vinayesema "aligundua" Rwenzori! Hata katika msafara wake hakuwa wa kwanza: maofisa wake wawili, Jephson na daktari Parke, walikwishaiona theluji ile tarehe 20 Aprili, mwezi mmoja na zaidi kabla yake. Wakonzo, waliokuwa wakiishi chini ya mlima, walikuwa na jina lake na miiko yake, na walijua ni nani anayekaa humo. Mungu wao Kitasamba hakumngoja Stanley.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu karibu kila imani potofu nitakayoitaja leo imejengwa vilevile: mtu ameona jambo la kweli kabisa, kisha akalipa sababu isiyo yake. Ndiyo maana kumwambia mtu "huo ni uongo" hakusaidii. Atakujibu kwamba ameona kwa macho yake, na kweli ameona.

Chukueni beseni la ikweta. Mliosafiri kwenda Kampala kwa njia ya Masaka mnapajua Kayabwe, ikweta inapokatiza barabara. Watalii hushuka pale, wakapiga picha kwenye duara la saruji, kisha kijana akawaonyesha maajabu. Ana mabeseni matatu yenye tundu chini: moja upande wa kaskazini, moja upande wa kusini, moja juu ya mstari wenyewe. Anamimina maji, anaweka ua dogo juu yake, anafungua tundu. Kaskazini ua linazunguka upande mmoja, kusini linazunguka upande wa pili, na juu ya mstari linazama wima bila kuzunguka. Watu wanapiga makofi na kutoa pesa. Mstari huohuo unakatiza barabara yetu pale Kikorongo, na nimesikia hata walimu wa sayansi wakiwaeleza wanafunzi kwamba maji ya sinki Kasese mjini hayazunguki kama maji ya sinki Mbarara.

Jambo la kweli lipo. Dunia inazunguka, na mzunguko huo hupindisha njia ya upepo na ya mikondo ya bahari, kuelekea kulia upande wa kaskazini wa ikweta na kushoto upande wa kusini. Kwa ajili hiyo tufani za kaskazini huzunguka kinyume na zile za kusini. Tufani haziumbiki karibu kabisa na ikweta, kwa kuwa hapo nguvu hiyo inakaribia sifuri. Tufani ya Hidaya iliyopiga pwani ya Tanzania Mei 2024 ilipita upande wa Mafia, zaidi ya digrii saba kusini. Huku kwetu hakiwezi kufika kitu cha namna ile.

Sasa pigeni hesabu ya beseni. Ukisimama mita kumi kutoka kwenye mstari, mzunguko wa dunia ungeyageuza maji ya beseni lako mara moja tu kwa zaidi ya miaka 1,700. Yule kijana anahitaji yageuke kwa nusu dakika. Kwa hiyo mtazameni mikono, msitazame ua. Maji yakimiminwa kutoka ubavuni mwa beseni huwa yamekwisha kuanza kuzunguka polepole, hata kama uso wake umetulia machoni, na tundu likifunguliwa mzunguko huo mdogo unaongezeka kasi kadiri maji yanavyosogea katikati. Akimimina kutoka kulia, yatakwenda huku; akimimina kutoka kushoto, yatakwenda kule. Juu ya mstari anamimina katikati taratibu na kusubiri kidogo. Ni ufundi wa mkono, na mimi simnyimi pesa yake, maana anafanya vizuri.

Mwaka 1962 profesa mmoja wa Marekani, Ascher Shapiro, alitaka kuona kama jambo hilo linaweza kuonekana kwa haki. Alitumia tangi lenye upana wa karibu mita mbili, akaacha maji yatulie saa 24, akalifunika yasiguswe hata na upepo, ndipo akafungua tundu dogo. Maji yalichukua kama dakika 20 kuisha, na kwa zaidi ya nusu ya muda huo hayakuonyesha kugeuka. Mwishoni yakaanza kuzunguka kinyume cha saa, kama hesabu ilivyotaka. Wenzake wa Sydney walirudia mwaka 1965, yao yakazunguka upande wa saa. Majaribio hayo yalifanywa zaidi ya digrii thelathini mbali na ikweta, kwa tangi kubwa na subira ya siku nzima. Sinki la Kasese halina habari na kaskazini wala kusini.

Kuhusu ikweta hiyohiyo, wageni huja wakidhani joto la Kasese linatokana na mstari. Kama ni mstari, Margherita, kilele cha Rwenzori, ingekuwa tanuri, maana kilele kile kiko kama kilomita 43 tu kutoka ikweta. Joto letu la bondeni ni la kuwa chini. Uso wa Ziwa Edward uko mita 900 na kitu juu ya bahari; Margherita iko mita 5,109. Hewa hupoa kwa takriban digrii sita kila ukipanda mita elfu moja, kwa hiyo kati ya mvuvi wa Katwe na kilele mna tofauti ya digrii kama 25. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza: kama juu ya mlima ni karibu zaidi na jua, mbona kuna baridi? Swali zuri sana. Jua liko kilomita milioni 150. Kilomita tano za mlima si hatua yoyote. Jua huipasha joto ardhi, nayo ardhi ndiyo inayoipasha hewa, na hewa ya juu ni nyembamba, haishiki joto.

Na mchana wetu hauna saa 12 kamili. Una saa 12 na kama dakika saba, mwaka mzima, kwa kuwa hewa huupinda mwanga tukaliona jua kabla halijachomoza sawasawa na baada ya kuzama, na kwa kuwa tunahesabu kuanzia ukingo wake wa juu unapoonekana hadi unapopotea. Hilo halidhuru mtu. Ni la kuwatega marafiki kwenye chai.

Lingine linalorudi kila mara katika mitihani ya vijana: Rwenzori ni volkano. Wanalinganisha na Kilimanjaro, Kenya na Elgon, ambazo kweli ni volkano, na wanasikia za Goma zikitapika moto. Rwenzori sivyo. Ni pande la mwamba mkongwe mno lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, na ndiyo maana mnashikwa na matetemeko. Wazee waliopo hapa wanalikumbuka la 20 Machi 1966, lililoua watu zaidi ya mia moja upande wa Toro na Semliki, na wengi wenu mnalikumbuka la Februari 1994. Volkano tunayo, lakini iko mahali ambapo hatuitazamii: chini, kwenye tambarare, katika yale mashimo ya mviringo kati ya Katwe na Kikorongo. Kila kasoko pale ni mahali ambapo moto wa chini ulikutana na maji ya ardhini ukalipuka. Ziwa Katwe lenyewe limelala ndani ya kasoko mojawapo.

Hapo ndipo inapopatikana chumvi ya kweli. Wapo wanaosema ni mabaki ya bahari ya zamani. Si bahari. Chemchemi huleta maji yenye chumvichumvi yaliyopita katika miamba ya volkano, ziwa halina mto wa kulitoa maji nje, na jua linafanya kazi iliyobaki. Nendeni wakati wa kiangazi mkaangalie: vidimbwi vimegawanywa kwa kuta za udongo na miti, kila kimoja na mwenyewe, na wanawake wamesimama majini wakikusanya chumvi inayoelea kama utando, huku wanaume wakizama katikati ya ziwa kubandua mapande kutoka chini. Mvua ikinyesha sana, hakuna mavuno. Wajerumani walipoleta imani kwamba mashine itashinda vidimbwi, kiwanda kikasimama ukingoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maji yale yakala mabomba yake, kikafa karibu kabla hakijaanza. Maganda yake ya kutu yako pale hadi leo.

Yapo mengine nitayapita mbio. Watu husema kwamba Mgiriki Diogenes alitembea siku 25 kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi akaiona Milima ya Mwezi, ambayo wengi husema ni hii yetu. Mwanajiografia Ptolemy, ambaye ndiye chanzo cha habari hiyo, anasema siku 25 zile zilikuwa za baharini: upepo wa kaskazini ulimsukuma Diogenes kusini, bara likiwa kulia kwake, hadi karibu na Rhapta. Safari ya nchi kavu waliibuni waliokuja baadaye, ikapendeza, ikabaki. Hifadhi ya Queen Elizabeth nayo haikuanzishwa na malkia. Ilitangazwa 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina baada ya yeye kuitembelea mwaka 1954.

Na mpaka wa Bwera. Kila mtu aliyesoma atakuambia ulichorwa Berlin 1884. Mkutano wa Berlin haukumjua Mkonzo wala mto Lhubiriha. Kwa miaka mingi wakubwa walikuwa na mstari tu kwenye karatasi, longitudo ya 30, katika nchi ambayo hawajaipima. Mwaka 1910, mjini Brussels, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana kuacha mstari ule na kufuata mto, kisha vilele: Lhubiriha kupanda hadi chanzo chake, hadi Margherita, kisha kushuka kwa mto Lamia kwenda Semliki. Kwa hiyo kilele chetu tunachojivunia nusu yake ni ya Kongo, na jamaa wa Kasindi na jamaa wa Mpondwe wanatenganishwa na maji unayoweza kuyavuka umekunja suruali. Anayesema Wakonzo wa huku "wametoka Kongo" aulizwe kwanza Kongo ilianza lini kuwa pale.

Maji hayohayo ya kuvuka kwa kukunja suruali ndiyo yaliyotutia hofu Juni 2019. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alishukiwa kuwa na Ebola katika hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, akafariki. Bibi yake na mdogo wake wakamfuata. Mitaani mlisikia mambo mawili yanayopingana, na watu walewale waliyaamini yote: kwamba Ebola hakuna, ni biashara ya mashirika, na kwamba Ebola inaruka hewani, hivyo hata kupita karibu na hospitali ni kufa. Ingekuwa inaruka hewani, Bwera ingeisha. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa aliyekwisha kuonyesha dalili, au ya maiti. Wahudumu wa afya wa huku walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018, waliokaribiana na wagonjwa wakatafutwa mmoja mmoja na kuchanjwa, na hakuna aliyeambukizwa ndani ya Uganda katika tukio lile. Nawapa heko wauguzi wa Bwera, kwani sifa yao haikutangazwa kama uvumi ulivyotangazwa.

Nimebakiza moja, na ndilo lililonileta.

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka Kilembe na mawe makubwa kuliko nyumba. Madaraja yalikwenda, nyumba zikazolewa, hospitali ya Kilembe ikavamiwa, watu wakafa. Mwaka uliofuata ukarudi tena. Mei 2020, ndani ya siku chache, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha zote zilivunja kingo. Tangu hapo nimesikia maelezo mawili. Wapo wanaosema Kitasamba amekasirika. Wapo wasomi, hata redioni, wanaosema theluji inayeyuka juu ndiyo maana mito inafurika. Maelezo ya kwanza siyajadili. Ni ya dini, na angalau yanamwambia mtu aache kuharibu mlima. Hayo ya pili ndiyo yanayonisumbua, kwa sababu yanavaa nguo za sayansi.

Jambo la kweli: barafu inayeyuka. Mwitaliano Dyuki wa Abruzzi alipofika kilele cha Margherita Juni 1906, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia haina tena kitu, na mingine imebaki na mabaki tu. Hilo linauma. Lakini barafu iliyobaki ni ndogo mno kujaza mto. Watafiti waliopima maji ya Mubuku walikuta kwamba maji ya barafu ni chini ya asilimia mbili ya yale yanayofika chini ya mlima. Mengine yote ni mvua, inayonyesha juu ya misitu na matopetope ya juu kwa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba barafu ikiisha kabisa, mafuriko hayatapungua hata kidogo, na mito haitakauka kwa sababu hiyo. Anayeamini mafuriko ni ya theluji anakaa akingoja theluji iishe ili arudi kujenga ukingoni.

Lililotokea 2013 lilipochunguzwa, sababu zilikuwa kadhaa zilizoungana. Mvua kubwa ilinyesha. Bonde la juu la Nyamwamba lilikuwa limeungua moto Februari 2012, na mlima uliovuliwa majani haushiki maji wala udongo. Maporomoko yakajaza mto mawe na magogo. Chini, watu walikuwa wamejenga kwenye njia yake, karibu na mabaki ya mgodi wa Kilembe ambayo mto unayamega hadi leo. Katika yote hayo mvua ndiyo pekee tusiyoweza kuizuia, ila tunaweza kuipima.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu. Kila shule iliyo katika mabonde haya iwe na kipimo cha mvua. Hakihitaji mfadhili. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze kichwa chini ndani yake iwe faneli, jaza kokoto chini na maji hadi mstari wa sifuri, bandika rula pembeni, iweke mahali pa wazi mbali na miti. Wanafunzi wasome kila siku saa tatu asubuhi, waandike, wamwage hadi mstari. Milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, ni lita milioni 50 za maji, na mtoto akishapiga hesabu hiyo mara moja hataambiwa tena habari za theluji. Shule ya juu ikisoma namba kubwa, ipige simu shule ya chini. Nanyi mnaoishi kando ya mto, mkisikia usiku mawe yanagongana majini, amsheni jirani na pandeni juu hapohapo; msiende kumulika tochi.